Milioni 25 na hamu ya gari la spoti: kisa cha mnunuzi mmoja wa Kimara

Mnunuzi ana miaka 34, anaishi Kimara na anafanya kazi Posta. Ana mke na watoto wawili, wa miaka 4 na 7. Mkononi ana Sh milioni 25. Hataki kukopa, na fedha hiyo ndiyo yote: kununua gari, kubadilisha umiliki, bima na matengenezo ya kwanza. Anachotaka ni gari la chini la milango minne, lenye nguvu ya kulipita lori mlimani bila kuhesabu sekunde, linaloshika barabara kwenye kona, na linalobeba familia bila manung'uniko.

Safari zake ni za aina mbili. Kila siku ya kazi anatembea kilomita 40 kwenda na kurudi, sehemu kubwa ikiwa foleni ya Barabara ya Morogoro. Mara moja kwa mwezi anakwenda Dodoma na kurudi, takriban kilomita 900. Kuna jambo la tatu ambalo yeye mwenyewe alilitaja mwishoni kabisa, nasi tungelianza nalo: kutoka lami hadi nyumbani kwake ni mita 600 za vumbi na makorongo, anazopita mara mbili kwa siku. Kwa mwaka ni mamia ya safari za kuvunja bushi, zile raba za viungo vya chini ya gari.

Alionyeshwa magari matano yaliyomo ndani ya uwezo wake. Toyota Altezza RS200 ya 2001 kwa milioni 11.5. Subaru Legacy B4 2.0GT ya 2006 kwa milioni 14. BMW 320i, ile ya umbo la E90, ya 2008 kwa milioni 16. Kisha Toyota Mark X mbili za umbo la GRX130, zote za 2010: moja ni 250G S yenye rimu za inchi 18 na namba za usajili za herufi E, milioni 23, nyingine ni 250G ya kawaida, rimu za inchi 16, namba D, milioni 20.5.

Alikuwa amezipanga kwa nguvu za farasi za injini. Legacy ya gia za mkono ina 280, Altezza ya mkono 210, Mark X 203. Mpangilio huo unapotosha, maana farasi hao walipimwa kiwandani Japani gari likiwa jipya. Gari la miaka 15 au 20 linashika barabara kwa kadiri ya hali ya shokapu, bushi, tairi na breki zake. Mark X yenye bushi zilizopasuka inapepesuka kwenye kona kuliko Corolla iliyotunzwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila gari hapa ni hili: ukishalilipia, kimebaki kiasi gani cha kulirudisha katika hali yake, na spea zake zinapatikana wapi?

Altezza ndiyo iliyokuwa na mvuto mkubwa, na kwa haki. Ilitoka 1998 ikashinda tuzo ya gari la mwaka la Japani. Ni nyepesi, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na ina mikono miwili ya kusimamishia kila gurudumu, mbele na nyuma. Injini yake, 3S-GE ya kizazi cha mwisho, inazunguka hadi zaidi ya 7,000 kwa dakika na mbano wake ni 11.5 kwa 1. Lakini uzalishaji wake ulikoma 2005. Hata ile changa kabisa imeshatimiza miaka 20. Inatumia mkanda wa taimingi, na kama hakuna ushahidi wa tarehe ya kuubadilisha, unauhesabu umekwisha: mkanda, pampu ya maji, tensheni na sili zote pamoja. Tatizo halisi ni spea za injini hiyo. Dada yake AS200 ina 1G-FE, injini ileile ya Mark II GX110, na vifaa vyake utavipata Ilala na Kariakoo siku hiyohiyo. Vya 3S-GE hii mara nyingi ni kuagiza au kununua injini nzima iliyotumika bila kujua ilikotoka. Kwa mwenye gari la pili nyumbani tungesema anunue. Kwa gari pekee la familia, hapana.

Legacy 2.0GT inakwenda, hilo halina ubishi. Gharama yake imejificha kwenye turbo na kwenye mfumo wa kuendesha magurudumu manne. Bomba la mafuta ya turbo lina kichujio kidogo ndani ya bolti yake. Oili ikichelewa kubadilishwa kinaziba, na turbo inakufa kwa kiu. Mkanda wa taimingi una ratiba ya kilomita 100,000. Tairi nne lazima ziwe za aina moja na za uchakavu unaolingana. Ukibadilisha mbili tu, difu ya kati inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka. Gari alilolikuta lilikuwa na tairi za kampuni tatu tofauti. Hiyo peke yake inaeleza namna lilivyotunzwa, na hatukuona sababu ya kuendelea nalo.

BMW 320i ya umri huo ina injini ya N46. Sili za valvu zake hukauka kwa joto, na dalili yake inaonekana mahali palepale ambapo mnunuzi huyu ataishi nalo: gari likikaa kwenye foleni dakika kumi kisha likakanyagwa, linatoa wingu la bluu nyuma. Vipande vya plastiki vinavyoongoza cheni ya taimingi huvunjika na kuangukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Tairi zake za kiwandani ni zile zinazoweza kutembea bila upepo, na kwa sababu hiyo gari halina tairi la akiba. Kati ya Gairo na Dodoma usiku, ukiwa na watoto, tairi la akiba ni la lazima. Ni gari zuri sana kuendesha, pengine zuri kuliko yote matano, ila linahitaji fundi anayelijua na mfuko usiokauka.

Zimebaki Mark X mbili.

Injini ya 4GR-FSE

GRX130 iliingia sokoni Oktoba 2009. Ya lita 2.5 ina injini ya V6 iitwayo 4GR-FSE na gia boksi ya gia sita. Umbo la kabla yake, GRX120, lina injini hiyohiyo ikitoa farasi 215 lakini ilipangwa kwa petroli ya daraja la juu. Kwa GRX130 Toyota waliipunguza hadi 203 ili itumie petroli ya kawaida ya Japani. Kwa sisi tunaojaza kinachopatikana kituoni, kupoteza farasi 12 ni faida.

Injini hii haina mkanda, ina cheni. Ugonjwa wake mkubwa ni masizi. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa na kuziosha kama ilivyo kwa injini za kawaida. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini unatua juu ya valvu hizo, unaungua, unaganda. Foleni inaharakisha. Dalili ni gari kutetemeka likiwa limesimama, hasa asubuhi, kukosa nguvu ya chini, na kwenye mashine ya kupimia zinajitokeza namba za hitilafu kuanzia P0300 hadi P0306, yaani silinda zinakosa kuwaka. Mafundi wengi wanabadilisha koili na plagi, gari linatulia wiki mbili, kisha linarudi.

Dawa za kumimina kwenye tangi hazisaidii valvu hizo, kwa sababu petroli haizifikii. Zinaweza kusafisha nozeli, basi. Kazi yenyewe ni kufungua manifoldi ya hewa, kuzungusha injini kwa mkono hadi valvu za silinda husika zifunge, kumimina dawa ya kusafishia kabureta, kusugua kwa brashi, kunyonya uchafu wote, ndipo kwenda silinda inayofuata. Ni kazi ya siku nzima. Fundi asiyefunga valvu kwanza anaangusha vipande vya masizi ndani ya silinda, na vipande hivyo vinakwaruza kuta. Gasketi za manifoldi ziwe mpya. Ile ya zamani ikirudishwa inaingiza hewa na namba za hitilafu zinarudi kwa sura nyingine.

Jambo la pili ni kula oili. Ringi za pistoni zikinata kwa masizi, injini inaweza kula oili bila kutoa moshi wa kuonekana. Hapo ndipo injini nyingi za aina hii zinapofia: mwenye gari anangoja taa iwake, wakati kijiti cha kupimia kimekuwa kikavu kwa mwezi mzima.

Namba E dhidi ya namba D

Mnunuzi aliipenda namba E. Sokoni namba E inauzwa kama uthibitisho wa upya, na madalali wanaanza nayo hata kabla ya kutaja mwaka. Herufi hiyo inaeleza lini gari lilisajiliwa Tanzania, na hapo inaishia. Magari haya yote mawili yalitengenezwa 2010. La namba E lilikaa Japani muda mrefu zaidi, kisha likaingia nchini likiwa zee.

Dashibodi yake ilisoma kilomita 68,000. Karatasi ya mnada wa Japani, iliyotafutwa kwa namba ya chesesi, ilionyesha 143,000 na daraja la R. Daraja hilo maana yake gari liligongwa na kurekebishwa kwenye fremu. Kwenye mchoro wa bodi kulikuwa na alama za W, yaani sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, upande wote wa kushoto wa mbele, na XX kwenye boneti, yaani limebadilishwa. Gari lenye karatasi hiyo linaweza kuwa zima kabisa kwa mtu anayejua anachonunua na kulilipia bei yake. Kwa milioni 23, na kwa kilomita za uongo, halikuwa la kuendelea nalo.

Bei ya juu ya namba E ina mantiki yake, lakini ni mantiki ya kodi. Chukua gari ambalo TRA wamelithamini milioni 10 hadi bandarini. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni milioni 2.5, jumla 12.5. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini iliyozidi cc 2,000, yaani milioni 1.25, na ushuru wa uchakavu asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10, yaani milioni 3.75. Sasa ni 17.5. VAT asilimia 18 ni milioni 3.15. Limefika milioni 20.65 kabla ya tozo ndogo, wakala, bandari na usajili. Tena thamani inayotozwa ni ile ya mfumo wa TRA; risiti yako ya Japani haibadilishi kitu. Anayenunua Mark X ya zamani iliyoingia juzi analipa karibu nusu ya fedha yake kwa kodi, ikiwemo ya uzee wa gari, na kodi hiyo haikazi hata bolti moja.

Namba D ilikuwa na kilomita 171,000, nazo zilielekea kuwa za kweli: pedali ya breki imelika kulingana nazo, usukani unang'aa upande wa kulia, kiti cha dereva kimelegea pembeni. Mwenye gari alikuwa na risiti za oili.

Rimu nazo ziliamua. Tairi la 235/45R18 lina ukuta wa milimita 106 hivi. La 215/60R16 lina milimita 129. Kipenyo cha nje kinakaribiana, tofauti haifiki milimita 5, lakini milimita 23 za mpira kwa kila gurudumu ndizo zinazopokea korongo la Kimara badala ya rimu na bushi. Mtu atasema 18 zinakaa vizuri kwenye kona. Ni kweli, kwenye lami safi. Ukitaka kuzibadilisha kwenye 250G S, jaribisha kwanza rimu moja ya 16 mbele na uizungushe kwa mkono kuona kama haigusi kalipa ya breki, kabla hujalipia zote nne.

Ukaguzi wa namba D

Miadi iliwekwa saa moja asubuhi, na sharti lilikuwa gari lisiwashwe kabla. Boneti lilishikwa kwa mkono kwanza: la baridi. Likiwashwa la moto, cheni iliyolegea haitasikika na mtetemo wa masizi hautaonekana. Cheni ilinyamaza tangu mwanzo. Mtetemo ulikuwepo, mdogo, ukaisha baada ya dakika tatu. Mashine ilionyesha silinda mbili zinakosa kuwaka mara mojamoja, ingawa taa ya dashibodi haikuwaka. Masizi, kwa uwezekano mkubwa. Pampu ya maji haikuwa na ukoko wa pinki pembeni, na rejeta haikuwa na mafuta juu ya maji.

Gia boksi haina kijiti cha kupimia. Inapimwa kwa chini, gari likiwa sawa juu ya lifti na haidroliki, yaani oili ya gia boksi, ikiwa kwenye joto lake. Ni lazima iwe Toyota WS. Fundi anayependekeza haidroliki ya kawaida nyekundu, mshukuru uondoke. Kwenye majaribio, kutoka P kwenda R hakukuwa na mshtuko, na gia za 1, 2 na 3 zilipita bila kuteleza.

Chini ndiko kulikokuwa na hesabu. Bushi za nyuma kwenye wishiboni za mbele, yaani mikono ya chini inayoshika magurudumu, zilikuwa zimepasuka pande zote mbili. Gari likibanwa breki kwenye kilomita 60 kwa saa lilivuta kushoto. Shokapu za mbele zimelowa. Tairi mbili zimelika upande wa ndani, na tarakimu nne za mwisho ubavuni zilisomeka 1418: wiki ya 14 ya 2018. Tairi la umri huo hubadilishwa hata kama kashata, yaani meno ya mpira, bado ipo.

Haya yote ni mazuri kwa mnunuzi kwa sababu yanaonekana na yana bei. Bei iliyoafikiwa ilibaki milioni 20.5, na zilizobaki 4.5 zikagawiwa hivi. Tairi nne za 215/60R16 kwa Sh 210,000 kila moja, 840,000. Shokapu mbili za mbele, 380,000. Bushi na kazi ya kuzisukuma kwa presi, 240,000. Plagi sita za iridiamu, 180,000. Kusafisha valvu pamoja na gasketi, 250,000. Oili na filta, 135,000. Injini inachukua lita 6.3, kwa hiyo galoni moja ya lita 4 haitoshi, ingawa gereji nyingi zinamimina hiyo moja na kufunga. Haidroliki ya WS lita 4, 100,000. Brekipedi za mbele 90,000, mafuta ya breki 20,000, alaimenti 40,000. Jumla Sh 2,275,000.

Bima kubwa, kwa kiwango cha asilimia 3.5 alichopewa, ukiongeza VAT juu yake, ni kama 847,000. Kubadilisha umiliki na mwanasheria tulitenga 400,000. Inabaki akiba ya Sh 978,000, nayo isiguswe kwa redio wala taa za rangi.

Angechukua namba E, angebaki na milioni 2. Bima na umiliki vingekula zaidi ya milioni 1.3, na tairi za inchi 18 zisingetoka kwenye kilichobaki.

Kuhusu wese, ambalo ndilo watu humtisha nalo. Tukichukulia Sh 3,000 kwa lita, na kilomita 7.5 kwa lita mjini na 11 safarini, mwaka wake wa kilomita 21,360 unahitaji lita 2,390, yaani kama Sh 597,000 kwa mwezi. Altezza kwa 9 na 12 ingemwokolea kama 79,000 kwa mwezi. Ni fedha, lakini haifiki bei ya kutafuta kifaa kimoja cha 3S-GE.

Kabla ya kulipa: namba ya chesesi kwenye bodi ilinganishwe na kadi kwa macho yako, kadi iwe halisi isiyoshikiliwa na benki, deni la faini za barabarani liangaliwe kwa namba ya gari, na fedha iingie kwenye akaunti ya jina lililo kwenye kadi. Dalali anayetaka ipite kwake kwanza, mwambie mkutane kwa mwanasheria.

Mpangilio wa kazi una maana. Bushi na shokapu kwanza, tairi pili, alaimenti mwisho. Ukianza na alaimenti unailipia mara mbili. Valvu zisafishwe kabla ya plagi mpya na oili mpya kuingia, maana uchafu kidogo utateremka kwenye oili. Baada ya kilomita 100 nati za magurudumu zikazwe tena. Baada ya hapo, kila Jumamosi asubuhi gari likiwa baridi, kijiti cha oili kitolewe, kifutwe, kirudishwe, kisomwe, na alama iandikwe pamoja na kilomita. Ikishuka zaidi ya lita moja ndani ya kilomita 1,000, safari ya Dodoma inasubiri hadi injini ipimwe mbano. Vinginevyo oili inabadilishwa kila kilomita 5,000, kwake yeye mara nne kwa mwaka.

Na Barabara ya Dodoma ina vibao vya 50 kila kijijini, na tochi za trafiki za kupima mwendo nyuma ya miti. V6 hii inapita 50 bila kukuambia.